Maboga ya Mbegu za Kale: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maelekezo haya ni ya mtu anayetaka boga lile lile mwaka hadi mwaka: lile jeupe lililobapa, lile la kijivu lenye mifereji, lile la shingo ndefu ambalo duka la pembejeo halijawahi kuliuza. Anayetaka boga lolote tu na aende sokoni. Huko yapo, na bei si mbaya.

Usipande boga usilojua spishi yake. Maboga yote ya jenasi *Cucurbita* asili yake ni Amerika (kibuyu ndicho cha Afrika), na yanayolimwa kwetu ni hasa ya spishi tatu: *maxima*, *moschata* na *pepo*. Huhitaji maabara. Tazama kikonyo. Cha *maxima* ni kinene, cha mviringo, na kinabonyea kwa kucha kama kizibo cha chupa. Cha *moschata* ni kigumu, kina pembe tano, na kinapanuka pale kinaposhikana na tunda. Cha *pepo* nacho ni kigumu na kina pembe kali, lakini hakipanuki hivyo, na majani yake yanakwaruza mikono. Maboga ya spishi moja huchanganyika bila kuuliza mtu. Ya spishi tofauti huchanganyika kwa nadra sana. Kwa hiyo mwenye shamba dogo na apande aina moja ya kila spishi. Hapo ana maboga matatu ya tabia tofauti, na hakuna linaloliharibia jingine mbegu, mradi majirani nao wasiwe na ya kwao. Kwa kawaida wanayo.

Usilazimishe boga la baridi liishi joto. Marina di Chioggia ya Italia, ile ya kijani iliyoiva yenye sugu mwili mzima, na Galeux d'Eysines ya Ufaransa, zote ni *maxima*. Zijaribu Lushoto, Njombe au Limuru. Pwani panda *moschata*, ambayo ndiyo inayovumilia joto na unyevu kuliko zote. Umaridadi wa picha haubadilishi hali ya hewa ya Tanga.

Usiingize mbegu nchini kwa kuzificha kwenye begi. Virusi vya mozaiki vya maboga husafiri ndani ya mbegu. Omba kibali kwa mamlaka ya afya ya mimea: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Shangazi aliyeko Ulaya naye aambiwe hivyo kabla hajafunga mizigo.

Chimba mashimo mapema, tia samadi iliyooza. Mita mbili hadi tatu kati ya shina na shina, mbegu sentimita mbili au tatu chini. Samadi mbichi huunguza mizizi. Haya kila mkulima anayajua, tusonge mbele.

Amua mapema: majani au maboga. Shina linalochumwa kila wiki halitakupa tunda la maana. Tenga mashina ya mboga kando, hayo uyachume utakavyo, na yale ya mbegu usiyaguse hata mgeni akija ghafla.

Funga maua. Hapa hakuna mjadala. Wanasema ukipenda boga, upende na ua lake. Basi lipende kwa vitendo. Jioni, kabla giza halijaingia, pita shambani utafute maua yatakayochanua kesho: yamejaa, ncha imeanza kuwa ya njano, lakini bado yamefumba. Ua jike utalijua kwa kijiboga kidogo kilicho chini yake. Ua dume lina kikonyo kitupu. Funga yote mawili kwa uzi au kwa kibanio cha nguo ili nyuki asiwahi kabla yako. Kesho yake amka. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri yamekwisha nyauka, hivyo kazi hii ni ya saa 12 hadi saa 3 asubuhi, si ya baada ya chai ya pili. Kata ua dume kutoka shina jingine la aina hiyo hiyo, ling'oe petali zake zote libaki kijiti chenye chavua, kisha fungua ua jike taratibu na ulipake chavua pande zote za katikati. Tumia maua dume mawili kwa jike moja. Lifunge tena mara moja, na kwenye kikonyo funga kitambaa cha rangi ili siku ya kuvuna usibahatishe. Kijiboga kikigeuka njano na kudondoka baada ya siku chache, rudia kwenye ua jingine.

Usimlaumu jirani kwa boga lililo mezani leo. Chavua ya jirani haibadilishi nyama ya boga la msimu huu. Nyama ni ya mama. Kinachobadilika ni mbegu zilizomo ndani. Boga lako likitoka la ajabu mwaka huu, kosa lilifanyika msimu uliopita, na huenda alilifanya aliyekupa mbegu huku akikuhakikishia kwamba ni za bibi yake.

Usile boga chungu. Kamwe. Uchungu ni kemikali ziitwazo kukabitasini, na hujitokeza hasa pale *pepo* ya kuliwa inapochanganyika na maboga ya mapambo au ya mwituni. Moto hauziui. Sukari haizifichi vya kutosha, wala tui. Mwaka 2015 huko Heidenheim, Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula maboga machanga ya bustanini yaliyokuwa machungu. Kata kipande chembamba kibichi, kiguse kwa ulimi, kiteme. Kikiwa kichungu, tupa boga, tupa na mbegu zake, na usimpe hata ng'ombe.

Vuna likiwa limekomaa, si ukiwa na njaa. Kucha isipite ngozi, kikonyo kiwe kimekauka. Kata ukiacha kikonyo cha vidole viwili au vitatu, na usilibebe kwa kikonyo hicho. Kikivunjika, uozo umepata mlango. Lianike siku kumi mahali pakavu penye hewa, kisha uliweke juu ya uchaga, lisigusane na jenzake, lisikae kwenye sakafu ya saruji. Mengi ya *maxima* huwa matamu zaidi baada ya wiki kadhaa, wanga unapogeuka sukari. Anayelipika siku ya kuvuna anakula wanga na kulaumu mbegu.

Usichemshe kwa maji mengi. Hapa ndipo maboga mazuri yanapouawa. *Maxima* kavu lioke au lipike kwa mvuke na ganda lake, uliponde. *Moschata* lenye majimaji ndilo la nazi. Likate vipande vya kiganja, ganda libaki, uvipange sufuriani ngozi chini. Mimina tui jepesi lifike nusu ya vipande tu, tia chumvi kidogo na iliki, funika. Onja kabla ya kugusa sukari. Boga lililotulia uchagani mara nyingi haliihitaji. Likiiva mimina tui zito, punguza moto, acha wazi. Usikoroge, maana vipande vitavurugika. Shika sufuria uitikise. Tui zito likichemka kwa nguvu litakatika, na futari yako itaelea mafuta mbele ya wageni.

Majani: chuma ncha changa, menya nyuzi, pika kwa muda mfupi, kwa karanga au tui. Ukiona unahitaji magadi ili yalainike, ulichuma majani mazee.

Usikaange mbegu za boga bora. Ni tabia yetu mbaya: boga zuri tunauza au tunapika, mbegu zake tunatafuna kwa chumvi, halafu tunapanda za lile lililobaki. Boga lenye kitambaa likae wiki tatu au nne baada ya kuvunwa, mbegu zinenepe, ndipo ulipasue. Zioshe, zikaushe kivulini juu ya ungo, mpaka mbegu ukiikunja ivunjike. Ikipinda bado. Zitie kwenye chupa yenye kifuniko, uandike jina la aina, mahali na mwaka. "La bibi" si jina. Mabibi ni wengi.

Usikae na mbegu peke yako. Wape watu wawili wa vijiji tofauti, na wafundishe kufunga ua kabla hujawapa. Asiyetaka kuamka asubuhi mpe boga ale, mbegu usimpe. Na kama una chupa iliyokaa miaka mitano, otesha mbegu kumi leo kwenye kitambaa kibichi. Zikiota chini ya sita, panda zilizobaki zote msimu huu. Usizisubirishe hadi mwakani.