SOMO LA ROBO HII: JEDWALI LA MTI
Namna programu ya Java inavyopanga takwimu za ngazi mbalimbali



Kila robo mwaka takwimu hupanda kutoka ngazi ya chini hadi ofisi ya miradi, na kutoka hapo huenda kwa mfadhili. Mfadhili akiuliza, "Msasani mnalipia ada wanafunzi wangapi, na Kinondoni nzima wangapi?" anastahili kupata jibu moja, yeyote atakayemjibu. Katika somo hili tunaeleza jinsi programu ya Java inayotumika kwenye kivinjari cha intaneti inavyotunza jibu hilo. Si lazima kila mjumbe awe mtaalamu wa kompyuta. Ila ni vema kila mjumbe ajue la kumwuliza mtaalamu kabla ya kuidhinisha malipo yake.

Jedwali la mti ni nini?

Ni jedwali ambalo mistari yake ina uzazi. Mstari wa juu kabisa ni shina, iliyo chini yake ni matawi, na ya mwisho ni majani. Tazama mfano huu, ambao idadi zake ni za kufundishia tu:

Mkoa wa Dar es Salaam: 95
– Manispaa ya Kinondoni: 60
– – Kata ya Msasani: 35
– – Kata ya Mikocheni: 25
– Manispaa ya Temeke: 35
– – Kata ya Mbagala: 20
– – Kata ya Chang'ombe: 15

Mtu akijumlisha mistari yote saba atapata 285, na hali wanafunzi ni 95. Kila mwanafunzi amehesabiwa mara tatu: katani, katika manispaa na mkoani. Hakuna aliyeiba wala kudanganya, lakini taarifa imeharibika, na pamoja nayo imani ya mfadhili.

Hatua ya kwanza: kila mstari umjue mzazi wake

Katika hifadhidata, kila eneo huwa na namba yake, jina lake na namba ya mzazi wake. Msasani huonyesha namba ya Kinondoni, na Kinondoni huonyesha namba ya mkoa. Shina halina mzazi. Namba ya utambulisho ni muhimu kwa sababu majina hufanana. Kwa mfano, "mtaa" wa serikali uko chini ya kata, lakini "mtaa" wa Kanisa uko chini ya usharika. Hiyo ni miti miwili. Itunzwe mbalimbali, na kaya moja iunganishwe na yote miwili.

Hatua ya pili: idadi iingizwe kwenye majani tu

Karani aandike idadi ya kata peke yake. Ya manispaa na ya mkoa isiandikwe kwa mkono, programu itaikokotoa. Kwa vijana wetu wanaosoma Java, kazi yenyewe ni mistari michache:

int jumla(Eneo e) {
  int j = e.idadi;
  for (Eneo m : e.watoto) j = j + jumla(m);
  return j;
}

Maana yake ni hii: chukua idadi ya eneo lenyewe, kisha uliza kila mtoto jumla yake, uongeze. Mtoto naye huwauliza watoto wake, hadi kufika kwenye majani. Maeneo yenye watoto yana sifuri, kwa hiyo hakuna anayehesabiwa mara mbili.

Hatua ya tatu: mti usijizungushe

Kinondoni ikiwekwa kimakosa chini ya Msasani, kila mmoja atakuwa mzazi wa mwenzake, na hesabu itazunguka mpaka programu ikwame. Kabla ya kukubali mzazi mpya, programu ipande kutoka kwa mzazi huyo hadi kwenye shina. Ikikutana njiani na eneo lile lile linalohamishwa, ikatae.

Hatua ya nne: fungua tawi linalohitajika

Si lazima mti mzima utumwe kwenye kivinjari kwa mara moja, hasa pale mtandao unapokuwa wa kusuasua. Seva itume ngazi ya kwanza. Mtumiaji akibonyeza alama ya kujumlisha kando ya Kinondoni, ndipo kata zake zije.

Mipaka ikibadilika

Mwaka 2016 Manispaa ya Ubungo ilitengwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Kata ya Manzese, iliyokuwa Kinondoni, ikawa Ubungo. Katika jedwali la mti hubadilishwa namba moja tu, ya mzazi wa Manzese, na jumla zote hujirekebisha.

Lakini hapo kuna mtego. Mzazi akibadilishwa bila tarehe, hata taarifa ya mwaka 2014 itaonyesha Kinondoni imepungua, kana kwamba wanafunzi waliacha shule. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, ni mfano mzuri. Ulianzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na upande wake wa seva umeandikwa kwa Java. Vituo vyake vya afya hupangwa katika mti kama huu, na kwa kawaida hutunza mti mmoja tu, ule wa sasa. Katika mradi mdogo tunashauri uhusiano wa mzazi na mtoto uwe na tarehe ya kuanza na ya kwisha, ili taarifa ya zamani isomwe kwa mipaka ya wakati wake.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika taarifa zetu, nani huandika jumla: karani au programu?
2. Je, tumechanganya mtaa wa serikali na mtaa wa Kanisa katika orodha moja?
3. Eneo likihamishwa leo, taarifa za miaka iliyopita zitabaki kama zilivyokuwa?

Nyuma ya kila namba kuna mtoto na ada yake. Tukimhesabu mara tatu, mfadhili atadhani kazi imekwisha ilhali wengi bado wanasubiri. Tukimsahau, atakosa nafasi darasani. Tunawatakia majadiliano mema.