MAJI YA KUMNYWESHA MTOTO ANAYEHARA
Namna ya kuyatengeneza nyumbani kabla ya haja kufika

Kila mtu akaaye katika mitaa ya upande wa mashariki wa Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo mpaka Kaloleni, Jericho, Dandora na Kayole, anajua ya kwamba mfereji haufuati haja ya mwenye nyumba. Siku ya zamu yake hutoa maji, na siku isiyo yake hutoa upepo tu. Lakini maradhi ya kuhara hayana zamu. Mtoto aliyelala salama saa mbili za usiku aweza kuamshwa na tumbo saa nane, na kabla hakujapambazuka akawa amekwisha kuhara mara sita au saba. Wakati huo duka la dawa limefungwa, mfereji ni mkavu, na ndani ya nyumba pana mtungi mmoja wa maji yaliyonunuliwa kwa mwenye mkokoteni, ambayo hapana ajuaye yalitekwa wapi. Somo letu la juma hili ni juu ya maji hayo.

Yafaa kwanza tujue ni kitu gani kinachomuua mtoto anayehara. Mara nyingi si vidudu vya maradhi vyenyewe, bali ni kupungukiwa na maji na chumvi za mwili, ambazo hutoka pamoja na kila choo cha majimaji. Kumpa maji matupu hakutoshi, maana chumvi zilizotoka hazirudi. Kumpa maji ya chumvi peke yake hakufai pia, kwa sababu utumbo ulio mgonjwa hauyapokei vizuri. Lakini ukitia sukari kidogo pamoja na chumvi, mambo hugeuka. Sukari na chumvi huingia katika ukuta wa utumbo zikiwa zimeshikana mikono, na maji huzifuata. Mtaalamu Robert Crane alilieleza jambo hilo mwaka wa 1960, na mwaka wa 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, walionyesha ya kwamba wagonjwa wa kipindupindu waweza kuokolewa kwa kunywa maji ya namna hiyo.

Hata hivyo watu wengi waliona shaka, wakidhani kwamba kazi hiyo haiwezekani ila mikononi mwa waganga na wauguzi. Shaka ilipungua mwaka wa 1971. Wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi mno walikusanyika Bangaon, katika mpaka wa India, na kipindupindu kikawaingilia. Dawa ya kutia katika mishipa ilikwisha. Basi Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru chumvi, sukari na magadi zipimwe na kutiwa katika pakiti, zikorogwe katika mapipa yenye mifereji, na jamaa za wagonjwa waachwe wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka mpaka chini ya 4. Tazama basi: dawa ilipimwa, maji yalipimwa, na wanyweshaji walikuwa ni mama, baba na ndugu. Mwaka huo huo wa 1971 kipindupindu kiliingia Kenya, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Katika Nairobi watu wanakumbuka mwaka wa 2015 na wa 2017.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Zamu ya mfereji ikifika baada ya siku kadhaa za ukavu, maji ya kwanza yasitumiwe kwa kunywa. Bomba likiwa tupu huweza kuvuta ndani uchafu ulio nje penye nyufa, na mabomba ya plastiki katika vijia vyetu mara nyingi hupita ndani ya mitaro ya maji machafu. Maji hayo ya kwanza yawe ya kufulia au kupiga deki. Yakisha kuwa safi kwa macho, yakinge. Maji ya tope yaache yatulie, kisha uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kuchuja si kuua vidudu. Ni kuondoa matope ili kazi ifuatayo iwe nyepesi.

Kazi hiyo ni kuchemsha, na hapa pana makosa ya namna mbili. Wako wanaoipua sufuria mara wasikiapo mlio. Tuseme mama mkwe amekuja kuwatazama wajukuu, akamkuta mke wa mwanawe jikoni.

"Mwanangu, maji haya yamechemka?"

"Yamechemka, mama."

"Umeyaona yakigeuka juu chini kwa mapovu makubwa, au umesikia mlio tu?"

"Nimesikia mlio, mama, na mvuke nimeuona."

"Basi yarudishe jikoni, mwanangu. Mlio huja kwanza, mchemko huja baadaye."

Mama huyo amesema kweli. Lakini wako na wengine, hasa wazee wetu, wanaoyaacha maji yatokote nusu saa nzima, wakiteketeza makaa au gesi ambayo bei yake kila mtu anaijua. Huo ni upotevu, na ubaya wake ni kwamba humfanya mtu maskini akate tamaa ya kuchemsha kabisa. Maji yakisha kutokota kwa nguvu, dakika moja yatosha. Nairobi iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,600, na kwa hiyo maji huchemka hapa penye joto la digrii 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Lakini hata joto hilo linawaua vidudu wa kuhara. Wasomaji wetu wa Limuru, na wote wakaao juu ya mita 2,000, wayaache dakika tatu.

Yakisha kuchemka, yafunike yapoe katika sufuria ile ile. Usiyapooze kwa kuongeza maji ya mfereji. Kisha uyamimine katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, au chenye mfereji wake chini. Mimi naona ya kwamba hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. Maji yamechemshwa vizuri asubuhi, na adhuhuri mtoto ametoka kucheza akazamisha kikombe pamoja na vidole vyake vitano. Kuanzia hapo maji yale ni sawa na ya mtaroni, ijapokuwa makaa yalitumika. Mtungi uliopata kutiwa mafuta au dawa ya wadudu usitumiwe kamwe, hata ukioshwa mara kumi.

Asiye na moto atumie dawa ya klorini iuzwayo madukani kwa ajili ya maji ya kunywa. Afuate kipimo kilichoandikwa, kisha angoje nusu saa kabla ya kunywa. Jua nalo lafaa: majaribio yaliyofanywa kati ya watoto wa Kimasai, na kutangazwa mwaka wa 1996, yalionyesha kwamba maji yaliyowekwa juani katika chupa za plastiki zionyeshazo ndani yalipunguza kuhara. Chupa isizidi lita mbili, maji yawe maangavu, nayo ikae juani saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Katika mwezi wa Julai, jinsi tunavyoijua Nairobi, ni afadhali kutafuta makaa.

Maji ya visima virefu yataka neno lake. Katika Nairobi mengi ya maji hayo yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Mvuke ukitoka, floridi hubaki katika maji machache zaidi. Kuyanywa usiku mmoja wa shida hakumdhuru mtoto, bali asiyafanye kuwa maji yake ya kila siku akiweza kupata mengine. Tena kama maji ya kisima yana ladha ya chumvi, yasitumiwe kwa kutengeneza kinywaji hiki, maana kipimo cha chumvi kitapita kiasi.

Na kipimo ndicho roho ya dawa hii. Iliyo bora ni pakiti ya ORS itolewayo zahanati na kuuzwa madukani, kwa sababu ndani yake, pamoja na chumvi na sukari, mna potasiamu na sitreti, ambazo jikoni hatunazo. Lakini isome pakiti kabla ya kuipasua. Ziko za nusu lita na ziko za lita moja. Mtu akitia ya lita moja katika nusu lita, amempa mtoto chumvi maradufu. Na chumvi ikizidi, kiu huongezeka, na mtoto aweza kushikwa na kifafa. Akitia ya nusu lita katika lita moja, amempa maji hafifu yasiyorudisha kilichopotea.

Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kila kijiko kisawazishwe kwa ubapa wa kisu, kisiwe na kilima. Tia chumvi kwanza, koroga, na uonje: maji yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi machozi, yamwage uanze tena, wala usidhani kwamba sukari itaponya kosa hilo. Kisha tia sukari, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Sukari nayo isizidi, kwa maana ikizidi huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza katika utumbo, na kuhara huongezeka. Ndiyo sababu soda, maji ya matunda ya dukani, na glukosi ya mkebe peke yake si dawa ya mtoto anayehara.

Lita moja ni kiasi gani? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa vikombe vya chai vya Bahati si sawa na vya Makongeni, wala bilauri mbili za nyumba moja hazilingani. Tumia chupa ya plastiki ya maji au soda iliyoandikwa mililita 500, mara mbili. Chupa ya soda ya kioo ya mililita 300 haifai, ila kwa mtu apendaye hesabu. Katika nchi ya Gambia, mnamo miaka ya 1981 na 1982, mama walifundishwa kutumia chupa za soda iliyoitwa Julpearl, ambayo ilikuwa katika kila kijiji: chupa tatu za maji, vifuniko vinane vya sukari, na kifuniko kimoja cha chumvi. Hesabu hiyo ilifaa kwa chupa ile na kifuniko kile. Mtu asiichukue akaitumia kwa chupa zetu.

Jambo moja husahauliwa: maji yapimwe baada ya kuchemka na kupoa, si kabla, kwa sababu mengine huenda na mvuke. Wala usichemshe tena baada ya kutia chumvi na sukari, kwa sababu hiyo hiyo.

Osha mikono kwa sabuni, kisha umnyweshe mtoto kwa kikombe na kijiko. Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 mpaka 100 kila anapohara. Wa miaka miwili mpaka kumi, mililita 100 mpaka 200. Mtu mzima anywe kadiri atakavyo. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uendelee kijiko kimoja kimoja, polepole. Mtoto anyonyaye asikatazwe ziwa, na alaye asinyimwe chakula. Ile desturi ya kumfungisha mtoto ili "tumbo lipumzike" imewazika wengi. Zahanati itampa vidonge vya zinki, naye avimeze siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekoma mapema.

Itakuwaje basi ikiwa ni saa nane za usiku, na maji yaliyotayarishwa hayapo? Mtoto asingoje mpaka maji yapoe alfajiri. Tumia maji yaliyo safi kuliko yote uliyo nayo, utengeneze kidogo, uanze kumnywesha, na huku mengine yako jikoni. Hatari ya kukauka iko karibu kuliko hatari ya maji yenyewe. Lakini ni heri kutofika hapo. Chupa mbili za mililita 500 zilizojazwa maji yaliyochemshwa, zikafungwa na kubadilishwa kila siku, pamoja na pakiti mbili za ORS juu ya kabati, hazigharimu kitu kikubwa.

Ukiona utosi wa mtoto mchanga umebonyea, macho yameingia ndani, analia bila machozi, au ngozi ya tumbo ukiifinya hurudi polepole, usikae nyumbani. Mpeleke hospitali upesi, hali kadhalika akiwa na damu katika choo, akitapika kila kitu, au akiwa mlegevu hata hawezi kunywa. Choo chake kikiwa kama maji yaliyooshewa mchele, usingoje dalili nyingine. Njiani uendelee kumpa kijiko kimoja kimoja cha kinywaji kile.

Kinywaji kilichotengenezwa kifunikwe, na saa yake ikumbukwe. Kilichotengenezwa saa moja ya asubuhi, kikibaki hata kesho yake saa moja, kimwagwe, chombo kioshwe, na kingine kitengenezwe.