Dondoo muhimu: Mzoga wa kimeta

Ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani? Shuku kimeta. Usimchune, usimpasue, wala jirani asigawiwe nyama, hata kama hasara inauma. Mzoga ukifunguliwa, vimelea vikipata hewa hujenga mbegu zinazodumu ardhini miaka na miaka. Mwite afisa mifugo kwanza, na mbwa wafungwe.

Usiuburute mzoga; damu itachafua njia nzima ya malisho. Vaa glavu na buti, ziba matundu yote ya mwili kwa vitambaa vyenye dawa ya kuua vijidudu, viringisha kwa turubai, ndipo upakie.

Shimo la kuuzikia liwe na kina cha mita 2, mbali na kisima. Fukia mzoga pamoja na udongo uliolowa damu, zungushia miiba.