Mji wa Hattusa na Vibao Vyake vya Udongo

Katika nchi ya Uturuki, upande wa mashariki wa Ankara, mwendo wa kilomita 200 hivi, yako magofu ya mji wa kale uitwao Hattusa. Huo ndio uliokuwa mji wa enzi wa Wahiti. Kwa karne nyingi wafalme wao walitawala kutoka hapo, na nguvu zao zikazidi hata wakashindana na Misri. Kisha, karibu na mwaka 1200 kabla ya Kristo, ufalme ukavunjika, watu wakahama, na majumba makubwa yakateketea kwa moto. Wasomaji wa Biblia walilijua jina la Wahiti, kwa kuwa Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa Efroni Mhiti. Lakini habari za wafalme wa Hattusa zilikuwa zimesahauliwa kabisa.

Mgeni aendaye huko leo hufikia kwanza Boğazkale, mji mdogo ulio chini ya mlima. Akianza kupanda, huona misingi ya hekalu kubwa na ghala zake. Juu zaidi yako mabaki ya ukuta wa mji, ambao urefu wake ulipita kilomita 6. Wahiti waliujenga kwa mawe chini na matofali ya udongo juu. Na ili watu wauelewe ulivyokuwa, wachimbuzi wa Kijerumani walijenga upya kipande chake cha meta 65, kati ya mwaka 2003 na 2005. Katika Lango la Simba, simba wawili wa mawe wangali wamesimama, vinywa wazi, kana kwamba wanawangoja adui. Mahali paitwapo Yerkapı pana njia ipitayo chini ya boma, urefu wake meta 70 hivi, nayo hupitika hata leo.

Juu ya njia hiyo palikuwa na lango lenye sanamu za mwili wa simba na kichwa cha mtu. Mbili kati yake zilipelekwa Berlin zikatengenezwe. Moja ilirudishwa Uturuki mwaka 1924, na ya pili haikurudi mpaka mwaka 2011. Sasa zote mbili zimo katika nyumba ya makumbusho ya Boğazkale.

Kilomita 2 kutoka mjini iko Yazılıkaya, maana yake mwamba wenye maandishi. Hapo Wahiti walichora miungu yao mwambani, zaidi ya sitini, ikiandamana kwa safu. Mgeni akiendelea upande wa kaskazini hufika Alacahöyük, palipokuwa na mji mwingine wa Wahiti. Chini ya mji huo yalichimbuliwa makaburi ya wakuu waliokufa karne nyingi kabla ya Wahiti, pamoja na vyombo vya dhahabu na shaba. Mbele zaidi, katika mji wa Amasya, yako makaburi ya wafalme wa Ponto, yaliyochongwa katika jabali juu ya mto; nao walitawala karne nyingi baada ya Wahiti. Hivyo katika safari ya siku chache mtu hupita juu ya falme tatu, kila moja ikiwa imeondoka na kuiachia nyingine nchi.

Je, watu walijuaje kwamba magofu ya Boğazkale ni Hattusa? Mfaransa Charles Texier aliyaona mwaka 1834, akayastaajabia, lakini hakuweza kuyataja ni ya nani. Mawe hayakumwambia neno. Mwaka 1906 Mjerumani Hugo Winckler na Theodor Makridi wa Istanbul walianza kuchimba, wakatoa vibao vya udongo kwa maelfu, vimejaa alama zenye umbo la kabari. Vingine viliandikwa kwa lugha ya Babeli, ambayo Winckler aliijua. Katika kimoja alisoma mapatano ya amani kati ya Hattusili wa Tatu, mfalme wa Wahiti, na Ramesses wa Pili, mfalme wa Misri. Mapatano hayo, ya mwaka 1259 hivi kabla ya Kristo, yalikuwa yamekwisha kujulikana, kwa maana yamechorwa pia katika kuta za mahekalu ya Misri. Ndipo ilipotambulikana kwamba hapo ndipo Hattusa.

Wafalme hao wawili, ambao mataifa yao yalikuwa yamepigana vikali huko Kadesh, waliahidiana kutoshambuliana tena, na kusaidiana adui akija. Tena waliagana kwamba mkimbizi akirudishwa kwao, asidhuriwe yeye wala jamaa yake.

Lakini vibao vingi zaidi viliandikwa kwa Kihiti chenyewe, lugha isiyojulikana na mtu. Mwaka 1915 Mcheki Bedřich Hrozný alipata ufunguo. Katika sentensi moja aliiona alama ya mkate, na karibu yake neno lifananalo na kula katika lugha za Ulaya, kisha neno watar, yaani maji, ambayo Waingereza huyaita water. Akafahamu kuwa Kihiti ni ndugu wa lugha hizo, kama vile Mswahili, amsikiapo Mgiriama akisema madzi, atambuavyo kuwa lugha zao ni za ukoo mmoja.

Wahenga husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ufalme nao ni vivyo hivyo. Kuta nene za Hattusa hazikuuokoa mji, wala simba wa mawe hawakuuokoa. Bali udongo, ulioandikwa na makarani ambao wengi wao hatuwajui, haukuliwa na mchwa. Na moto, uteketezao karatasi, huufanya udongo kuwa mgumu kama chungu. Kazi yao ndiyo iliyowarudishia Wahiti jina lao.

Maswali
1. Kwa nini Texier hakuweza kuutambua mji wa Hattusa?
2. Mapatano ya amani yaliwasaidiaje wachimbuzi?
3. Wafalme wawili waliahidiana nini juu ya wakimbizi?
4. Eleza jinsi Hrozný alivyopata ufunguo wa Kihiti.