Kredi ya TVA: pesa hiyo nitaishika lini?

Swali: Nina depo ya sima na mabati hapa Bunia. Mhasibu anasema nina kredi ya TVA. DGI, ofisi ya kodi, watanirudishia?

Jibu: Ndugu, pesa ni yako, ila usingoje kuishika mkononi. Ukinunua mali ya dola 3,000, unalipa TVA ya 16%, yaani 480. Ukiuza ya 2,000 tu, umekusanya 320. Zile 160 ndizo kredi: utazikata kwenye TVA ya mwezi ujao, na unaofuata, mpaka ziishe. Kurudishiwa taslimu ni kwa wachache, hasa wanaouza nje ya nchi.

Mimi naogopea fakitire zako. Isiyoonyesha TVA na nambari ya kodi ya muuzaji, kredi yake imepotea. Ikatae palepale, kabla lori halijapakiwa. Na kila mwezi peleka taarifa ya TVA DGI kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, hata usipodaiwa kitu.