Ada ya usajili na leseni: je, ni maks?



Swali linalorudi mara kwa mara katika darsa zetu hapa Bagamoyo ni hili: je, fedha anayotozwa mtu anaposajili biashara na kukata leseni si ile maks aliyoikemea Mtume (s.a.w)? Wapo wenye maduka Mapinga na Kerege, na wakaanga samaki wa pale ufukweni, wanaojibu ndiyo, na kwa hoja hiyo hawajasajili chochote.

Hadithi ya mtoza maks ipo kwa Abu Dawud. Wanazuoni wameifasiri kuwa ni tozo ya dhulma, mtu kunyang'anywa sehemu ya mali yake pasi na haki. Pwani yetu inaijua. Kabla hata ya jengo la forodha la mwaka 1895 lililopo hapa mjini, Sultani wa Zanzibar alikuwa akikodisha ushuru wa forodha kwa tajiri mmoja. Huyo alilipa kiasi walichopatana, kilichozidi kikawa chake.

Ama kuandikiwa jina BRELA ni sh. 15,000, na sh. 5,000 ya kulitunza kwa mwaka. TIN haiuzwi. Na anayefanya biashara kwa jina lake kamili la kweli, hata hilo la BRELA halimlazimu. Huu ni ujira wa mwandishi, na mafaqihi wameujuzisha.

Leseni ya halmashauri ni mjadala mwingine, kwani hiyo ni ruhusa ya kila mwaka na viwango hutofautiana. Sisemi kila kiwango ni cha uadilifu. Anayeonewa amfuate diwani wake. Lakini sharti la kuingia sokoni si uzushi. Tirmidhi amepokea kuwa Sayyidna Umar (r.a) alizuia asiyeifahamu dini kuuza katika soko la Madina.

Turejee Al-Baqara aya ya 282. Allah (s.w) ameamrisha deni liandikwe, na akaruhusu biashara ya mkono kwa mkono isiandikwe. Basi muuza maembe hana neno. Lakini watu wawili waliochanga mtaji wa jokofu na boti, kila mmoja akiweka chake kwa kuaminiana, je? Mmoja akifariki, mjane atathibitisha vipi fungu la mayatima, na shariki aliyebaki anasema marehemu alikuwa kibarua wake tu? Katika daftari la BRELA majina ya washirika wote yangekuwemo. Hapo sh. 20,000 ilikuwa ikilinda mirathi.

La ajabu ni kwamba baadhi ya hawa wanaoogopa maks, mgambo akipita humpa elfu tano "ya soda" ili aende zake. Haina stakabadhi wala namba ya malipo, na kesho atarudi. Hiyo ni rushwa, na Mtume (s.a.w) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Hukumu yake hawaji kuniuliza.