KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: SIRI YA BETRI

Leo nina somo la sayansi, na pia nina kosa la kuungama.

Mwaka jana nyanya yangu wa Bungoma aliuza gunia la mahindi akaninunulia taa ya sola ili nisome usiku huku Kitale, kwani kwetu hakuna stima. Baada ya miezi minane taa ikawa inazimika kabla sijamaliza hesabu. Nyanya akasema mwenye duka amemwibia. Likizo ya Agosti nikaipeleka Bungoma kwa mjomba, ambaye ni fundi wa simu. Alipoifungua, lo! Betri ilikuwa imefura kama andazi. Nikashika kisu ili nione kilichomo. Mjomba akaninyang'anya: "Wee! Ukiitoboa hiyo itashika moto!"

Basi wanasayansi huonaje ndani ya betri bila kuitoboa?

Betri ya lithiamu ina pande mbili. Ukiichaji, chembe za lithiamu ziitwazo ioni huhama kutoka upande chanya na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti, upande hasi. Taa ikiwaka, hurudi zilikotoka. Ni kama sisi wanafunzi wa kutwa: asubuhi shuleni, jioni nyumbani. Lakini kila safari baadhi hunaswa katika utando unaoota juu ya grafiti, zisirudi tena. Hapo ndipo betri huchakaa. Joto jingi huharakisha uharibifu huo na kuzidisha gesi inayoifurisha.

Eksirei haitusaidii sana hapa, kwa maana huzuiwa na metali nzito lakini huipita lithiamu karibu kana kwamba haipo. Nyutroni, iliyogunduliwa na James Chadwick wa Uingereza mwaka wa 1932, haina chaji ya umeme. Hupenya ganda la alumini kwa urahisi, ila lithiamu huinasa, hasa ile aina ya lithiamu-6. Kwa hivyo penye lithiamu nyingi picha huonyesha kivuli. Betri ikichajiwa, kivuli huonekana kikihama, na lithiamu iliyokwama hujulikana ilipo. Kazi hii hufanywa penye mitambo mikubwa ya nyutroni, kama Institut Laue-Langevin mjini Grenoble, Ufaransa.

Sasa niungame. Taa yangu ina paneli yenye waya mrefu. Paneli ndiyo inayotaka jua; taa ingekaa kivulini. Mimi kwa uvivu niliziweka zote mbili juu ya mabati tangu asubuhi mpaka nitoke shuleni. Naam, betri niliichoma mwenyewe.

Nilimweleza nyanya yote. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na yule mwenye duka niliyemwita mwizi, umemwomba radhi?"

Msomaji, Jumamosi naenda Bungoma. Nawe, tafadhali, toa taa yako juani.